UZI: Yaya wetu (kaka yetu mkubwa) alikuwa mwembamba, havuti sigara, anapanda Cimpunda kila jioni. Moyo ulimkamataje?

#1 MwanaCimpunda (Bukavu)
Jambo wote. Wiki tatu nimekaa na neno hili tumboni, leo nalitoa.

Yaya wetu mkubwa ametutoka akiwa na miaka 52. Fundi wa cherehani. Mwembamba, mkanda wake ulikuwa na matundu matatu aliyoongeza mwenyewe kwa msumari wa moto. Sigara hakuvuta, pombe alionja siku za ndoa tu. Asubuhi alishuka kwa miguu hadi Nyawera, jioni akapanda kwa miguu hadi Cimpunda. Wanaoijua milima yetu wanajua hiyo ni kazi gani.

Kuanzia mwezi wa tisa akawa analeta matunda ya avoka nyumbani. Kila jioni mbili, tatu. Watoto walizichoka. Tulimtania kwamba yule mama mwuzaji amempata. Siku ya matanga yule mama alikuja, akalia sana, akatuambia: "Huyu baba alikuwa anasimama kwangu, anaweka kiganja hapa katikati ya kifua, ananiuliza bei anayoijua. Akishapumua vizuri anachukua avoka, anaendelea." Miezi mitatu. Kwetu hakusema neno.

Alienda mara moja kwenye kituo cha afya. Karatasi aliyorudi nayo ilikuwa na neno "angine", kisha mkwaruzo wa kalamu hatukuusoma, kisha alama ya kuuliza. Sisi tunajua angine ni ya koo. Tukanunua amoksisilini, akanywa siku saba na asali na ndimu. Koo lake halikumuuma hata siku moja.

Usiku wa mwisho: jasho la baridi, maumivu ya kifua hadi kwenye taya, kutapika. Majirani wakasema karuho, yaani sumu ya kulishwa, wakaleta dawa ya kutapisha. Tulifika hospitali alfajiri, tumechelewa. Daktari akasema mishipa ya moyo iliziba.

Tunaambiwa huu ni ugonjwa wa wanene, matajiri na Wazungu. Yeye hakuwa hata mmoja. Basi anakamata nani?

#2 Kabare_Juu
Pole sana ndugu. Lakini nikuulize: jioni ile alikula wapi? Mtu mzima anatoka kazini salama, usiku anatapika na kutoka jasho, asubuhi hayupo. Kwetu hilo lina jina, na jina lake si moyo.

#3 Infirmie_Bagira
Pole MwanaCimpunda, pole kwa mama na watoto. Nimekuwa muuguzi miaka 19, na karatasi ya namna hiyo nimeiona zaidi ya mara moja, ndiyo maana naandika.

Kwa Kifaransa cha hospitali "angine" peke yake ni ugonjwa wa koo. "Angine de poitrine" ni maumivu ya kifua yanayotoka kwenye moyo. Mzizi wao ni mmoja, neno la Kilatini la kubana au kukaba. Mkwaruzo ambao hamkuusoma huenda ndio uliokuwa "de poitrine".

Na hiyo habari ya avoka ndiyo dalili yenyewe. Mwaka 1768 daktari Mwingereza William Heberden aliwaeleza wenzake London kuhusu watu wanaobanwa kifua wakitembea, zaidi wakipanda mlima na zaidi wakiwa wametoka kula, na wakisimama tu maumivu yanaondoka. Yule mama wa avoka ameona alichokiona Heberden.

Sababu ni hii. Moyo unajaza damu mwili mzima, lakini wenyewe haunywi damu inayopita ndani yake. Unalishwa na mishipa miwili myembamba inayotoka kwenye mshipa mkuu mara tu unapoanza, ikajitanda juu ya moyo kama mizizi. Ukiwa umekaa, hata mshipa uliobanwa unatosha. Ukipanda mlima moyo unadai zaidi, mshipa hauna cha kuongeza, unaumia. Ukisimama, dai linapungua.

#4 Kasapa_Fils (Lubumbashi)
Kwa ufupi ni kama bomba la maji lililoshika kutu. Miaka inapita, kutu inajaa, siku moja maji hayapiti. Na kutu yenyewe ni mafuta. Ninyi watu wa Kivu mnamwaga mawese kwenye sombe (majani ya muhogo) mpaka yanaelea, mnategemea nini?

#5 MamaSambaza
@Kasapa_Fils mawese yametulea sisi na mabibi zetu waliofika miaka 90. Na ninyi bukari (ugali) yenu mnaila na nini, maji?

Pole sana ndugu yetu. Mimi nauliza hizo avoka. Avoka ni mafuta matupu. Mtu anakula tatu kila siku miezi mitatu, si zimemuua?

#6 MwanaCimpunda
Mama, hakuzila yeye. Alileta tu. Yeye na avoka hawakupatana tangu utoto, ndiyo maana tulimtania.

#7 Labo_Katindo (Goma)
Nafanya kazi ya maabara, nisahihishe mawili.

Kolesteroli, yale mafuta ya damu yanayochafua mishipa, inapatikana kwenye vitu vya wanyama: nyama, mayai, maziwa. Mmea wowote hauna cha kuhesabu. Kwa hiyo avoka haina, na mawese hayana, hata kama chupa nyingine zinajivunia "bila kolesteroli" kana kwamba ni ajabu. Mafuta ya avoka mengi ni ya aina isiyodhuru mishipa. Hiyo iachwe.

Mawese ni hadithi nyingine. Karibu nusu yake ni mafuta yale mazito, yanayoganda asubuhi Bukavu kukiwa na baridi. Ukila mengi ya aina hiyo, ini lako lenyewe linaacha kolesteroli nyingi zaidi kwenye damu. Kwa hiyo @MamaSambaza mawese yako kweli hayana kolesteroli, na @Kasapa_Fils una haki kwamba yanaweza kuipandisha. Rangi nyekundu mwili unaigeuza kuwa vitamini A, hilo ni zuri, lakini ukiyachoma hadi yawe meupe umeiharibu.

#8 Infirmie_Bagira
@Kasapa_Fils mfano wa kutu unawadanganya watu wengi, hata sisi tulifundishwa hivyo. Uchafu haukai juu ya ukuta wa mshipa, unakaa ndani ya ukuta. Fikiria jipu chini ya ngozi. Mafuta yanaingia kwenye ukuta, mwili unatuma askari wake kuyala, wanakufa humo, linatengenezwa jipu lenye kifuniko chembamba. Linaweza kukaa miaka 20 bila kusema kitu. Siku kifuniko kinapopasuka, damu inadhani kuna kidonda na inaganda juu yake. Dakika chache mshipa umefungwa.

Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka bila kuwahi kuumwa kifua. Jipu lake lilikuwa dogo, halikubana njia, lakini lilipasuka. Yaya wako alipewa onyo la miezi mitatu. Wengine hawapewi hata siku moja.

#9 Motari_Nyawera
Hili la miezi mitatu limeniuma. Mimi nabeba kwa moto (pikipiki) wazee wa kupanda Cimpunda kila siku, na wengi nikiwashusha wanasema "nilikuwa napanda kwa miguu, sasa kifua hakitaki". Nilidhani ni uzee.

#10 MzeeWaNguba
Wanangu, nina miaka 71. Tulipokuwa vijana hatukusikia mtu amekufa kwa mishipa ya moyo. Tulisikia malaria, kuhara, surua, kifua kikuu. Hii ni kitu iliyoletwa na sukari, mikate na mafuta ya chupa. @MwanaCimpunda, ulichoambiwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu kilikuwa kweli zamani.

#11 Campus_Karhale
Mzee yuko karibu na ukweli kuliko tunavyofikiri. Madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1950 walipasua maiti nyingi wakatafuta alama za mshipa wa moyo kuziba, hawakuona karibu chochote, wakati hospitali za Marekani zilikuwa zimejaa. Ilifika hatua kwamba mwaka 1956 daktari Hugh Trowell na mwenzake walipopata Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huo, waliuandikia makala kwenye jarida la tiba la Afrika Mashariki. Mgonjwa mmoja, makala nzima.

Na huko Bolivia wako watu wa msituni wanaoitwa Tsimane. Mwaka 2017 walitangazwa kuwa na mishipa ya moyo safi kuliko kabila lolote lililowahi kupimwa. Watu wazima 705, zaidi ya wanane kwa kila kumi hawakuwa na chokaa kwenye mishipa yao. Wanalima, wanavua, wanawinda, wanatembea kutwa.

Kwa hiyo damu yetu si kinga wala laana. Maisha ndiyo yamebadilika.

#12 Kasapa_Fils
@Campus_Karhale sawa, lakini hata watu wa kale walikuwa nao. Mwaka 2013 waliweka maiti zilizokaushwa 137 kwenye mashine ya skana, za Misri ya Mafarao na za Amerika, na kama moja kwa kila tatu ilikuwa na mishipa iliyoharibika. Mafarao walikula mkate wa dukani?

Na huyu yaya alikuwa anatembea kama Tsimane. Maelezo yako hayamgusi.

#13 Campus_Karhale
Hilo nakubali, hayamgusi. Bado nafikiri.

#14 Mama_Mapacha (Uvira)
Mimi nasema ni mawazo. Tangu vita, nani analala Bukavu? Benki zilifungwa, wateja wakakimbia, mtu ana cherehani na hana wa kumshonea, watoto wanadai masomo. Mwanaume wetu halii, hasemi, anaweka kiganja kifuani na kununua avoka. Sitaki kusikia mawese, huyu amekufa na mzigo.

#15 KigomaUjiji
Poleni ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu wakubwa husema "presha imempanda kwa mawazo", ninyi naona mnaita tansio. (Na avoka ni parachichi, jamani.) Je, marehemu aliwahi kupimwa presha?

#16 MwanaCimpunda
@KigomaUjiji alipimwa. Kwenye daftari lake imeandikwa 16/10. Tulijua ni chini ya ile ya mama yetu ambayo ilikuwa 18, tukasema ana nafuu. Hakupewa dawa. Sukari hakupimwa.

#17 Labo_Katindo (Goma)
Aisee. 16/10 ni 160 kwa 100. Hapa kwetu tunasoma kwa sentimita, kama Wafaransa, na mashine za mkononi zinasoma kwa milimita, kwa hiyo mtu anaona "14/9" anasema ni kidogo, jirani anaona "140/90" anashtuka, na ni namba moja hiyohiyo. Ukirudia kupima siku tofauti na bado iko 14/9 au juu, hiyo tayari ni tansio. Haina haja ya kufika 18.

Na sukari ileile. Karatasi zetu zinaandika gramu kwa lita. 1,26 ukiwa hujala, mara mbili, ni kisukari. Mtu anaona "moja na kitu" anadhani ni ndogo.

#18 Infirmie_Bagira
Basi hapo @MwanaCimpunda swali lako limeanza kujibika. Mwembamba, ndiyo. Lakini tansio ya 16/10 ikigonga ukuta wa mshipa mchana na usiku miaka kumi, hiyo ndiyo inayofungulia mafuta mlango. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Kila pigo linagonga.

Kuna uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2004, INTERHEART, chini ya daktari Salim Yusuf. Nchi 52, wagonjwa wa moyo wakalinganishwa na watu wa umri wao wasio na ugonjwa huo. Mambo tisa yalieleza kama asilimia 90 ya visa: tumbaku, mafuta mabaya ya damu, tansio, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, kukaa bila mazoezi, na suala la pombe. Msongo umo, @Mama_Mapacha, hujakosea. Ila uko pamoja na wenzake, na wenzake mtu anaweza kuwapima kwa dakika tano.

Kwa Waafrika weusi waliokuwa kwenye uchunguzi huo, tansio ndiyo ilibeba uzito wa ajabu.

#19 Campus_Karhale
Na sehemu ya Afrika ilionyesha kitu kingine ambacho Mzee atakipenda: kwa Waafrika weusi, hatari ilipanda kwa wenye kipato na elimu zaidi, wakati kwa makundi mengine haikuwa hivyo. Kwa hiyo "ugonjwa wa matajiri" si uongo mtupu. Lakini kule Ulaya na Marekani ulianza na matajiri ukahamia kwa maskini. Naogopa sisi tuko katikati ya kuhama.

#20 Kabare_Juu
Mnasema vizuri. Lakini hamjajibu kutapika. Moyo uko kifuani, unatapishaje tumbo?

#21 Infirmie_Bagira
Swali zuri. Sehemu ya chini ya moyo imekaa juu ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), na tumbo liko upande wa pili wa kiwambo hicho. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari za moyo na za tumbo inakutana njiani, ubongo hautofautishi vizuri. Kwa hiyo mshipa wa moyo ukiziba mtu anaweza kusikia kiungulia, kichefuchefu, kutapika, jasho la baridi. Wengine wanasikia kwenye taya, mgongoni, mkono wa kushoto. Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawasikii kifua kabisa, wanasikia kuchoka tu na kukosa pumzi.

Sitagombana na mtu juu ya karuho. Ninachoomba ni kimoja: mtu mwenye maumivu ya kifua na jasho la baridi asipewe dawa ya kutapisha. Kutapika kunauchosha moyo ambao tayari hauna damu, na kunakula saa ambazo angekuwa amefika kwa daktari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, inafaa zaidi saa za mwanzo, na baada ya 12 haina kazi kubwa.

#22 Kabare_Juu
Hiyo ya kutotapisha nimeichukua. Nitaisema nyumbani. Mengine bado.

#23 Seremala_Panzi
Mimi nasikia ukisikia kifua unatafuna aspirini na unapona. Baba mdogo anatembea nayo mfukoni.

#24 Labo_Katindo (Goma)
Nusu kweli. Mwaka 1988 walichapisha jaribio la wagonjwa zaidi ya 17,000 waliodhaniwa kuwa na mshipa wa moyo ulioziba: waliopewa aspirini siku hiyo walikufa wachache kuliko wasiopewa, pungufu ya karibu robo. Inazuia damu isiendelee kuganda. Lakini mtu mwenye kidonda cha tumbo kinachotoa damu, au aliyepasuka mshipa wa kichwa, aspirini inaweza kummaliza. Baba mdogo aulize daktari anayemjua, na kama anainywa kila siku kwa kujiamulia tu, hilo nalo aliseme huko.

#25 Seremala_Panzi
Anainywa kila siku. Nitamfikishia.

#26 MamaSambaza
Nirudie kwa namna nyingine maana nimeanza kuogopa. Mimi si mwembamba, hilo mnalijua walioniona sokoni. Mimba ya tatu nilivimba miguu, tansio ikapanda 17, wakanitoa mtoto mapema. Baada ya kuzaa ilishuka, wakaniambia nimepona. Hiyo inanihusu hapa?

#27 Infirmie_Bagira
Inakuhusu sana mama. Mwanamke aliyepata tansio ya namna hiyo katika mimba, hata kama ilishuka, hatari yake ya moyo miaka ya mbele ni kama mara mbili ya mwenzake. Na kina mama wakishaacha kuona damu ya mwezi, ile kinga kidogo waliyokuwa nayo juu ya wanaume inaisha. Pima tansio hata mara moja kila miezi mitatu. Mwambie anayekupima habari ya mimba ile, hawataiuliza wenyewe.

#28 MamaSambaza
Nitapima kesho. Na chumvi nipunguze? Sambaza zangu (samaki wadogo) nakausha bila chumvi, ila makayabu (samaki wa chumvi) Jumapili siwezi kuacha.

#29 Mama_Mapacha (Uvira)
Makayabu loweka usiku kucha, maji ubadilishe mara tatu, asubuhi uchemshe na umwage maji ya kwanza. Na vile vidonge vya mchuzi usiongeze juu yake. Mume wangu ana tansio, nimejifunza. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku mtu mzima, ni kama kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa, na humo umehesabu chumvi yote, ya makayabu na ya mkate.

#30 Kasapa_Fils
Wenzetu wa Bukavu mnajadili makayabu, sisi huku tunakula tomsoni (samaki wa barafu) na hatujambo 😀. Ila nakiri moja: milima yenu ina kazi. Hapa Lubumbashi ni tambarare, mtu anaweza kuwa na mishipa iliyobanwa miaka mitano asijue, kwa sababu hakuna cha kumpandisha. Cimpunda ilikuwa inampima yaya wenu kila jioni.

#31 Motari_Nyawera
Na mimi ninayewabeba ndiyo nawaficha.

#32 MwanaCimpunda
@Motari_Nyawera usijibebeshe hilo. Angekuwa na franga za moto angepanda moto, na tusingejua hata ya avoka.

#33 Dada_Elikya (Bukavu)
Naweka jingine ambalo halijasemwa. Fundi wa cherehani anatumia pasi ya makala (mkaa). Mama mpishi, mama anayekausha samaki, fundi wa pasi, wote wanavuta moshi wa makala kwenye chumba kisicho na dirisha. Moshi si mapafu tu, vumbi lake jembamba linaingia kwenye damu na kuchokoza ukuta wa mishipa. Mtu anasema "hakuvuta sigara". Amevuta pasi miaka 30.

#34 MwanaCimpunda
Dada, umenigusa. Pasi yake iko hapa mbele yangu. Chumba chake kilikuwa na mlango mmoja, na alikuwa anaufunga kwa vumbi la barabara lisichafue vitambaa vya wateja.

#35 Campus_Karhale
Niliwaahidi kufikiri. Kuna kitu hatujauliza. Mama yenu alikuwa na 18. Alikufa na nini? Na baba?

#36 MwanaCimpunda
Mama alipooza upande mmoja, akakaa miaka miwili. Baba alianguka shambani Walungu, nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa kama 50. Walisema karuho.

#37 Campus_Karhale
Basi sikiliza, na usinikasirikie. Baba au kaka aliyekamatwa na moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65: hao wakiwepo, hatari ya waliobaki katika familia inapanda, hata kama wengine ni wembamba na wanatembea. Ya baba hatuwezi kuijua tena. Ya yaya wako tunaijua, 52. Umeuliza ugonjwa huu unakamata nani. Wewe una miaka mingapi?

#38 MwanaCimpunda
44.

#39 MzeeWaNguba
Mwanangu, nenda ukapimwe. Usingoje matanga ya pili ndipo ukoo ujue.

#40 KigomaUjiji
Na ukienda usikubali "moyo hauna kitu" kwa sababu ya ile karatasi ya umeme wa moyo peke yake. Shemeji yangu alipimwa akiwa amelala kitandani, karatasi ikatoka safi, kwa sababu moyo uliopumzika haulalamiki. Wakampeleka Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakampitisha mrija kwenye mkono hadi moyoni, wakaona mshipa wa mbele umebanwa sana. Wakamwekea kijispringi cha kuushikilia uwe wazi. Leo anavua dagaa. Najua safari hiyo si ya kila mtu, tuliuza mtumbwi mmoja.

#41 Labo_Katindo (Goma)
Kabla ya mtumbwi kuna vya bei nafuu. Tansio, sukari, kolesteroli, mkojo kuona figo. Na kamba: pima urefu wako kwa kamba, ikunje katikati, izungushe kiunoni juu ya kitovu. Isipofika, tumbo lako limezidi nusu ya urefu wako, hata kama mikono ni vijiti. Watu wengi wembamba wanashindwa hapo.

#42 Seremala_Panzi
Nimeshindwa.

#43 Motari_Nyawera
Mimi nimepita, lakini navuta. Nimesoma kwamba ukiacha sigara, baada ya mwaka mmoja hatari ya moyo inarudi nusu ya ile ya mvutaji. Ni kweli au ni maneno ya kututia moyo?

#44 Infirmie_Bagira
Ni kweli, na ndiyo habari njema pekee kubwa kwenye uzi huu. Anza leo, mwaka ujao utakuwa hapo.

#45 Kabare_Juu
Nimeuliza nyumbani. Shangazi anasema baba yenu wa Walungu naye alikuwa anasimama njiani. Yeye alikuwa anajifanya anafunga viatu.

#46 MwanaCimpunda
Kabare_Juu, sikujua kama shangazi yako alimfahamu. Baba hakuwa na viatu vya kamba. Alivaa bote za mvua, namkumbuka nazo.

Leo asubuhi nimeenda. Nimekaa kwenye benchi nusu saa bila kusema, mkono juu ya meza. 15/10. Wamerudia mkono wa pili, 15/9. Wameniambia nirudi Alhamisi wahakikishe kabla ya dawa. Dada yetu mdogo, miaka 39, tulienda naye: 12/8, lakini sukari yake 1,31 na alikuwa amekunywa chai, kwa hiyo haihesabiki. Kijana wa kwanza wa yaya ana miaka 24, amekataa kuja. Ameniuliza kama nataka kumzika na yeye. Nitamrudia.

Kifua changu hakiniumi. Jana nilipanda kwa miguu toka Nyawera makusudi, nikihesabu. Nilipofika kwa yule mama wa avoka nilisimama, na sikujua kama nimesimama kwa sababu ya pumzi au kwa sababu yake.

#47 Infirmie_Bagira
Umefanya vizuri kuliko wengi. Usijipime tena kwa mlima mpaka Alhamisi ipite. Dada naye siku hiyo aje hajala tangu saa mbili usiku, maji tu, hata chai ya rangi asiguse. Na kijana wa yaya mwambie sukari inapimwa kwa tone moja la kidoleni, aje akusindikize wewe.